Maisha ya George Smith, Msomaji wa Vibao vya Ninawi

Bila shaka mnajua ya kuwa katika karatasi ya mtihani wa lugha haikosi sehemu ya kujaza mapengo. Sentensi huandikwa nzima isipokuwa neno moja au mawili, na mtahiniwa hutakiwa alirudishe neno lililotolewa. Wengi wetu hatuipendi sehemu hiyo. Wako wasemao kuwa ni bahati nasibu, na wako waandikao neno la kwanza linalowajia kichwani, kisha hukunja karatasi na kungojea riziki. Basi mwaka huu nimeona vyema niandike habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa hiyo hiyo ya kujaza mapengo, ila kwake hapakuwa na mwalimu aliyefungia jibu katika saraka ya meza. Waliolijua jibu walikuwa wamekufa zaidi ya miaka 2,400 kabla yake. Mtu huyo ni George Smith, Mwingereza.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1840 katika mtaa wa Chelsea, mjini London, katika nyumba ya watu wa kazi. Shule hakukaa sana. Alipopata umri wa miaka 14 alipelekwa kwa Bradbury na Evans, wenye kazi ya uchapaji, awe mwanagenzi wa kuchonga mabamba ya kuchapia noti za fedha. Mwenye noti mfukoni na aitoe aitazame kwa karibu. Ataona mistari myembamba kama nywele, imepindana na kupishana, ili mlaghai asiweze kuiiga. Mchongaji wa mistari ile hana nafasi ya kupapasa, na kijana aliyekulia katika kazi hiyo huzoea kuona tofauti ndogo ambazo mimi na wewe tungezipita tu. Wengine waandikao habari zake husema upesi upesi kwamba alikuwa fundi asiye na elimu, kana kwamba miaka ile ilikuwa ya kupoteza. Mimi sikubaliani nao. Kwa maoni yangu kiwanda kilimpa nusu ya elimu aliyoihitaji.

Nusu ya pili aliitafuta mwenyewe. Wakati ule Waingereza wengi walikuwa wakisoma vitabu vya Layard, aliyekwenda katika nchi ambayo leo ni Iraki akafukua majumba ya wafalme wa Ashuru. Smith alivisoma, na fedha zake chache alizinunulia vitabu vingine vya namna hiyo. Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokuwa wakila, yeye alishika njia kwenda Makumbusho ya Uingereza kutazama vibao vya udongo vilivyoletwa kutoka Ninawi. Siku baada ya siku alionekana kijana yule yule, amesimama mbele ya vibao vile vile. Mwishowe wakubwa wa mahali pale wakamtambua. Mmoja alikuwa Samuel Birch, msimamizi wa mambo ya kale ya Mashariki, na wa pili Sir Henry Rawlinson, bingwa wa maandishi ya Ashuru. Wakatambua kwamba kijana huyu hatazami kama wageni wanavyotazama, bali anasoma. Basi akapewa kazi ya jioni, baada ya saa za kiwanda, kupanga vipande vya vibao.

Yafaa nieleze vipande hivyo vilikuwa nini. Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru katika karne ya 7 kabla ya Kristo, alikuwa mfalme wa ajabu kwa kuwa alijivunia kusoma na kuandika. Alikusanya katika mji wake wa Ninawi maandishi ya kila namna, ya dini, ya uganga, ya nyota, ya historia na ya hadithi. Yote yaliandikwa juu ya vibao vya udongo. Mwaka 612 K.K. adui waliuteka mji wakauchoma moto. Majumba yakaporomoka, na vibao vikavunjika vunjika chini ya kuta na mapaa. Kama vingalikuwa vitabu vya karatasi vingalikwisha siku ile ile. Lakini udongo ukiingia motoni huwa mgumu zaidi, kama ajuavyo kila mfinyanzi. Kwa hiyo ule moto uliouangamiza mji ulisaidia kuihifadhi maktaba. Vipande vilikaa ardhini mpaka Layard, na baada yake Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul, walipovichimba kati ya mwaka 1849 na 1853. (Rassam huyu ndiye aliyetumwa baadaye kwa Mfalme Tewodros wa Ethiopia akafungwa huko mpaka mwaka 1868, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Leo vibao na vipande vya maktaba ile vilivyoko London vinazidi 30,000. Fikiri mtu amevunja vyungu vyote vya kijiji kizima, akachanganya vigae, akakuambia uviunge tena, na juu ya kila kigae pana nusu ya neno.

Tena maandishi yenyewe ni magumu. Hayana herufi kama zetu. Mwandishi alibonyeza unyasi katika udongo mbichi, ukaacha alama zenye umbo la kabari, na kabari kadhaa zikikusanyika hufanya alama moja. Alama ni mamia, na alama moja huweza kusomwa kwa namna nyingi. Nitatoa mfano mmoja tu. Iko alama waiitayo KUR. Mara huwa na maana ya nchi, mara ya mlima, na mara nyingine haina maana yake yenyewe bali ni silabi tu ndani ya neno refu. Msomaji atajuaje? Kwa kutazama jirani zake. Ikiwa sentensi yasema mfalme aliipiga KUR fulani akaitoza kodi, yaelekea ni nchi. Ikiwa yasema merikebu ilikwama juu ya KUR wakati maji yamefunika kila kitu, hapo twawaza mlima. Hakuna kamusi iwezayo kukata shauri peke yake.

Waashuru walikuwa na msaada mmoja ambao sisi wasemaji wa Kiswahili tungeuelewa upesi. Kabla ya jina la mwanamume waliweka kabari moja iliyosimama. Kabla ya jina la mji, au la mungu, au la kitu cha mti, waliweka alama yake maalum. Alama hizo hazikutamkwa. Kazi yake ilikuwa kumwonya msomaji ni kitu cha namna gani kinachofuata. Nilipolisoma jambo hili nilizikumbuka ngeli zetu mara moja. Chukua sentensi hii: mama aliteka maji kwa pengo, lakini kilivuja njiani. Kwa maana tu, pengo hilo laweza kuwa ndoo, mtungi au debe, na vyote ni vyombo vya maji. Lakini ndoo ingesema ilivuja, mtungi ungesema ulivuja, na debe lingesema lilivuja. Ile ki- iliyo mbele ya kitenzi yatuonyesha kibuyu. Hapa mashahidi wawili wamekubaliana, maana na sarufi, na jibu limesimama imara. Chukua tena hii: ingawa mvua ilinyesha usiku kucha, mto pengo. Asiyeliangalia neno la kwanza ataandika ulifurika, kwa kuwa mvua na mafuriko ni ndugu. Lakini ingawa ni neno lipindualo mambo, na mto ule haukufurika.

(Wenzangu wapendao kumlaumu mtu kwa mitihani ya mapengo wamtafute Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Mwaka 1897, katika mji wa Breslau, alitaka kupima uchovu wa akili za watoto wa shule, akawapa maandishi yaliyotolewa silabi na maneno ili wayajaze. Nasi twazidi kuyajaza mpaka leo.)

Msomaji mwenye shaka atasema kwamba kwa maandishi ya namna hii kila mtaalamu angeweza kusoma atakavyo. Watu wa wakati ule walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo mwaka 1857 likafanywa jaribio. Rawlinson, Hincks, Oppert na Talbot, mabingwa wanne, walipata nakala ya maandishi mamoja ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza, na kila mmoja akayafasiri peke yake, tafsiri zikatiwa katika bahasha na kupigwa lakiri. Zilipofunguliwa mbele ya waamuzi zilionekana kukubaliana katika mambo makubwa. Hapo ikajulikana ya kuwa kusoma kwa kufuata dalili si kubahatisha. George Smith wakati huo alikuwa na miaka 17, bado yuko kwenye mabamba ya noti.

Jambo lake la kwanza lililomtoa gizani ni la mwaka 1866. Rawlinson alikuwa na nakala nyingi za karatasi, zilizofanywa kwa kukandamiza karatasi mbichi juu ya jiwe lililochorwa mpaka ishike sura ya maandishi. Smith akaruhusiwa kuzichunguza. Ilikwisha julikana kwamba juu ya nguzo nyeusi ya mfalme Shalmaneseri wa Ashuru liko jina la Yehu mfalme wa Israeli, yule tumsomaye katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, analeta kodi. Lakini nguzo ile haikutaja mwaka, na hapo ndipo palipokuwa na pengo. Katika nakala zile Smith alikuta maandishi mengine ya mfalme yule yule, yanayoeleza vita vyake na Hazaeli wa Dameski, na humo ikaandikwa kwamba kodi ya Yehu ililetwa katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, ambao leo huhesabiwa kuwa 841 K.K. Angalieni jinsi alivyolijaza pengo hilo. Hakukisia. Alitafuta mahali pengine habari ile ile iliposemwa kamili, akaleta kutoka huko kilichokosekana huku.

Kwa ajili hiyo mwaka 1867 akaajiriwa na Makumbusho kuwa msaidizi. Mwanagenzi wa noti sasa alikuwa na meza yake ndani ya jumba ambalo zamani aliliingia mbio mbio saa ya chakula. Mwaka 1871 alitoa kitabu cha historia ya Ashurbanipal, naye akakitunga kwa njia hiyo hiyo. Habari za vita vya mfalme huyo ziliandikwa mara nyingi juu ya vibao na mapipa ya udongo, na mahali nakala moja ilipovunjika nakala nyingine ilikuwa nzima. Kazi kama hii huonekana nyepesi mtu akiisimulia. Mtu aifanye basi, kwa mwanga wa London wakati wa masika yao, penye ukungu ambao siku nyingine huugeuza mchana kuwa jioni.

Sasa nafika katika mwaka wa 1872, mwaka wa sifa yake. Alikuwa amevigawa vipande katika mafungu, na fungu moja lilikuwa la hadithi za miungu na mashujaa. Katika fungu hilo akachukua nusu ya kibao kikubwa. Alipokuwa akishuka katika safu ya tatu, jicho lake likakutana na habari ya merikebu iliyokaa juu ya mlima wa Nisir. Chini yake akaona njiwa ametolewa, ameruka huku na huku, hakupata mahali pa kutua, akarudi. Nani katika sisi asingeshtuka? Smith alijua mara moja kwamba ana mkononi habari ya gharika kuu, iliyoandikwa katika lugha na nchi nyingine, mbali na kitabu cha Mwanzo. Sehemu ya kibao ilikuwa imefunikwa na uchafu mgumu kama chokaa, na fundi wa kusafisha alikuwa hayupo, ikambidi kungoja. Imesimuliwa ya kwamba kibao kiliporudi kimesafishwa, akausoma mstari alioutumaini, aliruka akazunguka chumba kwa furaha, na mbele ya wenzake waliopigwa na butaa akaanza kuvua nguo. Mimi siwezi kuapa kuwa ilikuwa hivyo, maana aliyeiandika, Wallis Budge, aliiandika miaka mingi baadaye. Lakini mtu aliyengoja siku nyingi neno moja huweza kufanya mambo.

Baada ya furaha ilikuja kazi. Kibao kile kilikuwa nusu tu. Akarudi katika maelfu ya vipande visivyopangwa, vingine vidogo visivyobeba ila maneno machache, akitafuta ndugu za kile. Akapata kipande cha nakala nyingine chenye habari za ndege wale wale. Akapata kingine, na kingine, akaviunga kimoja kimoja mpaka sehemu kubwa ya safu ya pili ikatimia. Zikatokea sehemu za nakala ya tatu. Mwisho akajua kwamba habari ya gharika ni kibao cha 11 katika utenzi wa vibao 12 unaosimulia mfalme mmoja shujaa aliyezunguka dunia akitafuta namna ya kuepuka kifo. Katika utenzi huo ndege ni watatu. Njiwa alitoka akarudi, mbayuwayu alitoka akarudi, na kunguru alitoka akaona maji yamepungua, akala, hakurudi tena. Sisi tuliozoea habari za Nuhu twaona mara moja mahali zifananapo na mahali zitofautianapo.

Tarehe 3 Desemba 1872 Smith alisoma habari hizi mbele ya chama cha wachunguzi wa mambo ya kale ya Biblia mjini London. Waziri Mkuu Gladstone mwenyewe alikuwako. Fundi wa Chelsea, mwenye miaka 32, asiyepita chuo chochote kikubwa, akasimama mbele ya wakuu wa nchi akiwasomea kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyeweza kukisoma.

Lakini hakuficha kwamba hadithi ina mapengo, na pengo moja lilikuwa baya sana. Lilikuwa katika safu ya kwanza, pale mungu anapomwagiza shujaa ajenge merikebu. Hapo gazeti la Daily Telegraph likatoa gini 1,000, yaani pauni 1,050, ili Smith aende Ninawi mwenyewe akatafute sehemu iliyopotea. Makumbusho yakampa ruhusa ya miezi 6. Wengine walicheka. Kumtuma mtu kutoka London akatafute kipande cha udongo cha ukubwa wa kiganja katika kilima kilichochimbwa na wengine kabla yake ni kama kumtuma mtu akatafute sindano katika shamba la mpunga.

Aliondoka Januari 1873, akafika Mosul mwanzo wa Machi, akakuta kibali cha serikali ya Uturuki, iliyotawala nchi ile, bado hakijaja. Alipokipata alichimba kwanza Nimrud, kisha tarehe 7 Mei akaanza katika kilima cha Kuyunjik, ndipo Ninawi ilipokuwa. Mahali penyewe palikuwa pameharibiwa. Mbali na mashimo ya wachimbaji wa zamani, watu walikuwa wamechimbua mawe ya kujengea daraja la Mosul, na kila kitu kilikuwa shaghala baghala. Jioni ya tarehe 14 Mei aliketi kutazama vipande vya siku ile, akivipangusa udongo kimoja kimoja. Juu ya kimoja akasoma sehemu kubwa ya mistari 17. Maneno yake yalikuwa ya kuingia merikebuni na kufunga mlango, ya kuingiza nafaka, mali, jamaa, mafundi na wanyama wa porini. Kilikaa sawasawa katika lile pengo kubwa la safu ya kwanza. Alikuwa amechimba Kuyunjik wiki moja tu.

Akapeleka simu London. Hapa pana jambo ambalo mimi naliona la kuchekesha na la kusikitisha pamoja. Gazeti lilikuwa limepata kilichotafutwa, likaona kazi imekwisha, naye hakuwa amemaliza hata robo ya aliyotaka. Simu yake ilipochapishwa ilikuwa na maneno ya kwamba majira ya kuchimba yanakwisha. Smith aliandika baadaye katika kitabu chake kwamba maneno hayo hayakuwa katika simu aliyoipeleka. Mtu aliyeishi kwa kutafuta maneno yaliyopotea akajikuta amepewa maneno ambayo hakuyasema, na kwa maneno hayo akarudi nyumbani.

Safari yake ya pili ilikuwa kwa fedha za Makumbusho, kutoka mwisho wa mwaka 1873 mpaka 1874, akaleta vipande vingi zaidi ingawa maofisa wa Kituruki walimsumbua. Kisha akaandika mfululizo, na kitabu chake cha habari za Wakaldayo kuhusu Mwanzo kikasomwa sana. Mwaka 1875 akatumwa mara ya tatu. Safari hii ilikuwa na mkosi tangu mwanzo. Alikaa sana Istambul akingojea kibali. Alipofika Iraki akakuta maradhi ya kuambukiza yameenea, na mwenzake wa safari, mtaalamu kutoka Finland, akafa. Majira ya joto yakaingia, hakuweza kuchimba. Badala ya kungoja joto lipungue alishika njia ya kurudi kupitia jangwa la Siria. Akapatwa na kuhara damu njiani, akachukuliwa hali mahututi mpaka Aleppo, na huko akafa tarehe 19 Agosti 1876. Alikuwa na umri wa miaka 36. Aliacha mjane na watoto, nao wakapewa na Malkia pauni 150 kwa mwaka.

Miaka aliyofanya kazi ya vibao kwa mshahara haikufika 10. Kilichotokea baada ya kufa kwake kinastahili kuelezwa, maana vitabu vingine hukiacha.

Kwanza, jina la shujaa wa ule utenzi. Smith alilisoma Izdubar, naye alisema wazi kuwa analisoma hivyo kwa muda tu, kwa kuwa alama zake zaweza kusomwa kwa namna nyingine. Mwaka 1890 Theophilus Pinches, wa Makumbusho yale yale, alipata kibao kilichoonyesha jinsi jina lile lilivyotamkwa, nalo ni Gilgamesh. Kuhusu mlima wa Nisir, hata leo wataalamu hawajapatana. Wengine husoma Nimush, kwa kuwa alama ya mwisho ina sauti zote mbili na jirani zake hawakati shauri.

Pili, kile kipande cha tarehe 14 Mei. Jinsi vibao vingine vilivyozidi kupatikana, ilionekana kwamba mistari ile 17 haikuwa ya utenzi wa Gilgamesh hata kidogo. Ilikuwa ya utenzi mwingine wa gharika, ulio wa zamani zaidi, ambao shujaa wake ni Atrahasis. Utenzi huo ulipata kutolewa katika kitabu chake, na Lambert na Millard, mwaka 1969. Humo, katika kipande kile kile alichokipangusa Smith, Atrahasis amjibu mungu kwamba hajapata kujenga merikebu maishani mwake, akaomba achorewe sura yake chini ardhini ili aione. Na lile pengo la safu ya kwanza limekwisha kujazwa kwa nakala nyingine za Gilgamesh, nazo hazina maneno hayo.

Mmoja wa wenzangu niliyemsimulia haya alisema basi Smith alishindwa mtihani. Mimi nasema sivyo. Kipande kilikubaliana na pengo kwa maana, kwa lugha, na kwa mahali kilipookotwa. Wakati ule hakuna aliyeweza kuupanga utenzi wa pili na kuuweka kando ya ule wa kwanza. Lakini ukirudi kwenye kazi yake ya Yehu na ya Ashurbanipal, utaona tofauti. Kule alikuwa na nakala ya pili ya habari ile ile, iliyosema neno lenyewe. Hapa alikuwa na kitu kilichoenea tu. Ni kama ile sentensi ya mama na maji bila ile ki- ya kitenzi: ndoo inaenea, mtungi unaenea, debe linaenea, na kila mmoja atatetea chake. Wataalamu wa siku hizi, wanapochapa maandishi ya vibao, hutia ndani ya mabano ya mraba kila neno walilolirudisha wenyewe, ili msomaji asilichanganye na lile lililoko kwenye udongo.

Vipande vyote viwili viko London hata leo. Kile cha gharika alichokisoma mwaka 1872 ni K.3375. Kile cha Kuyunjik ni DT 42, na herufi hizo mbili ni za Daily Telegraph, gazeti lililotoa zile gini 1,000.